Umeme wa Upepo na Jua Umeshuka Bei, Mbona Bili Yangu ya Ujerumani Imepanda?

*"Nimetoka Morogoro, na huu ni mwaka wa pili naishi Kassel, Ujerumani, pamoja na mke wangu na binti yetu wa miaka sita. Kampuni ya umeme imetuletea hesabu ya mwaka: tumetumia uniti 3,800 kwa senti 42 kila moja, na juu yake kuna ada ya kudumu ya euro 156 kwa mwaka. Tulikuwa tukilipa euro 105 kila mwezi. Sasa wanadai euro 492 za nyongeza, na malipo ya mwezi yanapanda hadi euro 146. Kinachonichanganya ni kwamba katika taarifa za habari nasikia zaidi ya nusu ya umeme wa nchi hii unatokana na vyanzo kama upepo na jua, na kwamba kuna siku bei inashuka chini ya sifuri. Wenzangu kazini wanasema tunalipia ukaidi wa serikali iliyofunga vinu vya nyuklia. Je, tunaibiwa? Nihamie mkataba wa bei inayobadilika kila saa, au nifunge paneli kwenye roshani?"*

Ndugu msomaji, pole kwa barua hiyo. Habari unazozisikia ni za kweli, na hesabu uliyoletewa, kwa namba ulizonitajia, nayo imejumlishwa sawasawa. Kinachokuchanganya ni kwamba umeyaunganisha mambo mawili ambayo hayana uhusiano wa karibu kama yanavyoonekana: deni la euro 492, na bei ya senti 42. Deni halikuletwa na upepo, wala jua, wala nyuklia. Bei ndiyo yenye historia ndefu ya sera za Ulaya nyuma yake, nami nitaieleza, lakini tuanze na deni kwa sababu ndilo lenye tarehe ya mwisho ya kulipa.

Kwa mtu aliyezoea LUKU, ambako unanunua uniti kwanza kisha unazitumia, ni rahisi kudhani kwamba zile euro 105 zilikuwa bei ya umeme mliotumia mwezi huo. Hapa utaratibu ni kinyume. Malipo ya mwezi, yaliyoandikwa *Abschlag* kwenye bili yako, ni makadirio ya mwaka mzima yaliyogawanywa kwa miezi, na ukweli hujulikana mita inaposomwa. Kwa miezi 12 mmelipa euro 1,260. Uniti 3,800 kwa senti 42 ni euro 1,596; ukiongeza ada ya kudumu ya euro 156 unapata euro 1,752. Tofauti yake na mlizokwisha kulipa ni 492 kamili, na 1,752 ukiigawanya kwa 12 unapata 146. Kwa maneno mengine, katika hesabu hii bei ya uniti haikupanda hata senti moja. Aliyewapangia euro 105 alikuwa amekadiria kwamba mtatumia uniti zipatazo 2,630 kwa mwaka, pengine kwa kuangalia matumizi ya mpangaji aliyewatangulia, nanyi mkatumia uniti 1,170 zaidi ya hapo.

Zimekwenda wapi? Sijaingia nyumbani kwenu, lakini nenda bafuni utazame kama kuna kisanduku cheupe ukutani kinachochemsha maji papo hapo, kile wanachokiita *Durchlauferhitzer*. Nyumba nyingi za kupanga Ujerumani zinacho, na wageni wengi hawajui kwamba maji yao ya moto yanatokana na umeme wao wenyewe na si mfumo wa joto wa jengo unaolipiwa pamoja na kodi ya nyumba. Kisanduku cha kilowati 21 kikifanya kazi kwa nguvu zake zote kwa dakika 10 kinakula uniti tatu na nusu, yaani karibu euro moja na nusu kwa bei yenu. Zile uniti 1,170 zilizozidi, ukizigawanya kwa siku za mwaka, ni sawa na dakika tisa hivi za maji ya moto kila siku, kwa watu watatu. Kwa hiyo hakuna ajabu yoyote hapo, na hakuna haja ya kumshuku mtu kabla ya kuangalia bafu.

Sasa tuje kwenye senti 42, ambazo kweli ni ghali.

Umeme wa jumla barani Ulaya huuzwa kwa mnada unaofanyika siku moja kabla. Kila mwenye mtambo hutaja kiasi anachoweza kuzalisha na bei ya chini kabisa anayoikubali kwa kila kipande cha siku inayofuata. Wauzaji hupangwa kuanzia wa bei ya chini. Upepo na jua hukaa mbele kwa sababu havinunui mafuta. Makaa ya mawe hufuata. Gesi, ambayo mafuta yake ni ghali, hukaa nyuma. Foleni inakatwa pale mahitaji yanapotimia, na bei ya muuzaji wa mwisho aliyeingia ndiyo wanayolipwa wote, hata yule wa mbele aliyekuwa tayari kuuza kwa karibu na bure. Jioni ya Januari, watu wamerudi nyumbani, jua limezama na upepo umelala, mtambo wa gesi ndio unaoikata foleni, na kila uniti inayouzwa wakati huo inabeba bei ya gesi.

Ndiyo maana mwaka 2022 ulikuwa mchungu namna ile. Mwaka 2020 wastani wa bei ya jumla Ujerumani ulikuwa kama senti tatu kwa uniti. Urusi ilipoivamia Ukraine mwezi Februari 2022, kisha gesi yake ikapunguzwa na hatimaye kusimama katika bomba la Nord Stream mwishoni mwa Agosti, wastani wa mwaka huo ulifika senti 23 na ushei. Mashine za upepo zilikuwa zile zile na upepo haukupandishwa bei na mtu yeyote. Kilichopanda ni gesi, nayo ikavuta kila kitu nyuma yake. Kufikia 2024 wastani ulikuwa umerudi karibu na senti nane. Serikali iliwawekea raia ukomo wa senti 40 kwa asilimia 80 ya matumizi yao mwaka 2023, na ukomo huo ukaondolewa mwisho wa mwaka huo huo.

Wengi huuliza kwa nini kila muuzaji asilipwe bei yake mwenyewe. Hoja hiyo inavutia, lakini ikifanywa hivyo hakuna atakayetaja bei yake halisi. Kila mmoja atakisia bei ya gesi na kuitaja hiyo. Umoja wa Ulaya umechagua njia nyingine. Kwa mageuzi ya soko yaliyopitishwa mwaka 2024, mitambo mipya ya upepo, jua na nyuklia itakayosaidiwa na serikali itawekewa bei maalumu: soko likishuka chini ya bei hiyo mwenye mtambo anafidiwa, likipanda juu yake anarudisha ziada. Ni utaratibu mzuri kwa maoni yangu, ila unagusa mitambo mipya, na matunda yake yatachukua miaka kukufikia Kassel.

Na zile bei zilizo chini ya sifuri? Zipo. Mwaka 2024 Ujerumani ilikuwa na saa 457 za namna hiyo, kutoka 301 mwaka uliotangulia. Hutokea hasa mchana wa Jumapili au sikukuu yenye jua kali, viwanda vikiwa vimefungwa, huku paneli za mamilioni ya mapaa zikiendelea kusukuma umeme kwenye gridi kwa sababu wenye nazo wamehakikishiwa malipo yao hata soko likiwa limefurika. Mitambo mikubwa ya makaa nayo haizimwi na kuwashwa kama taa; mwenye nayo huona heri alipie umeme uchukuliwe kuliko kusimamisha mashine kwa saa tatu. Tangu Februari 2025 paneli mpya kwa kawaida hazilipwi katika saa hizo, na hilo litapunguza tatizo polepole. Lakini wewe hununui umeme wa Jumapili hiyo. Kampuni yako ilinunua sehemu kubwa ya umeme wako miezi mingi kabla, kwa bei za wakati huo, kisha ikakuuzia kwa bei moja ya mwaka mzima.

Tena hata kama umeme wenyewe ungekuwa bure, bili isingekuwa bure. Katika bei ya kawaida ya nyumba za Ujerumani, ununuzi wa umeme pamoja na gharama na faida ya kampuni ni kama sehemu mbili kwa tano tu. Zaidi kidogo ya robo ni malipo ya nyaya na gridi. Zinazobaki ni kodi na tozo: kodi ya umeme ya senti 2.05 kwa uniti, ada ya manispaa kwa nyaya kupita katika barabara zake, tozo ndogo ndogo kadhaa, na juu ya yote hayo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 19, inayotozwa hata juu ya zile kodi nyingine. Serikali imeipunguza kodi ya umeme hadi kiwango cha chini kabisa cha Ulaya kwa viwanda na kilimo, na imeziacha kaya za kawaida pale pale. Hapo manung'uniko ya wenzako kazini yangekuwa na msingi.

Kwenye gridi nitakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo mabadiliko ya nishati yanapokugharimu kwa kweli. Upepo mwingi wa Ujerumani unavuma kaskazini, Schleswig-Holstein na Niedersachsen, na baharini. Viwanda vikubwa viko kusini, Bayern na Baden-Württemberg. Nyaya za kuunganisha pande hizo mbili hazitoshi. Ikitokea dhoruba, mashine za kaskazini huamriwa kusimama na wenye nazo hufidiwa, wakati huo huo mitambo ya gesi au makaa ya kusini hulipwa iwake ili kuziba pengo. Mlipaji ni yule yule mara mbili, nawe ni mmoja wao, kupitia mstari ulioandikwa *Netzentgelte* kwenye bili. Gharama za kuirekebisha gridi kwa namna hiyo ni mabilioni ya euro kila mwaka.

Dawa yake inajulikana. Kuna mradi uitwao SuedLink, waya mkuu wa urefu wa kilomita 700 hivi kutoka pwani ya kaskazini hadi Bayern na Baden-Württemberg. Ulitarajiwa kukamilika mwaka 2022. Wakazi wa njiani, hasa wa Bayern, waliikataa minara mirefu, na mwaka 2015 sheria ikaelekeza waya wa aina hiyo ufukiwe ardhini, uchoraji wa njia ukaanza upya, na tarehe ya sasa ni 2028. Sitaki kuwalaumu wanakijiji kwa kutopenda mnara mbele ya dirisha, lakini miaka hiyo sita ya kuchelewa imo ndani ya senti 42 zako. Kwa mwaka 2026 serikali imeamua kutoa euro bilioni 6.5 kupunguza malipo ya njia kuu za umeme. Nafuu yake inatofautiana kutoka mji hadi mji, kwa hiyo angalia kama kampuni yako imekupitishia.

Kuhusu nyuklia, wenzako wana nusu ya hoja. Vinu vitatu vya mwisho, Isar 2, Emsland na Neckarwestheim 2, vilizimwa tarehe 15 Aprili 2023. Haukuwa uamuzi wa serikali moja: serikali ya Gerhard Schröder ilikubaliana na wenye vinu kuhusu kuvifunga, ya Angela Merkel ikaongeza muda mwaka 2010, kisha Merkel huyo huyo akageuka mwaka 2011 baada ya ajali ya Fukushima. Katika mwaka wao kamili wa mwisho vinu hivyo vitatu vilitoa kama asilimia sita ya umeme. Kama vingebaki, saa ambazo gesi ndiyo inayopanga bei zingepungua kiasi, na makaa yanayochomwa yangepungua. Mtu anayesema havikuwa na faida yoyote anajidanganya. Lakini bei ya jumla baada ya kuvifunga ilishuka, haikupanda, kwa sababu gesi ilishuka. Anayedai kwamba vinu hivyo vingekurudisha kwenye bei za 2020 anavitwika mzigo usiowezekana.

Kuna lawama nyingine ya zamani utakayoisikia, kwamba unalipia ruzuku ya paneli za matajiri. Ilikuwa kweli. Sheria ya nishati jadidifu ya mwaka 2000 iliwahakikishia wenye mitambo bei maalumu kwa miaka 20, na aliyefunga paneli juu ya paa mwaka 2004 alilipwa senti 57.4 kwa kila uniti. Fedha hizo zilikatwa kwenye bili za watu wote, na mwaka 2017 tozo ilifika senti 6.88 kwa uniti. Ilifutwa tarehe 1 Julai 2022, na tangu hapo gharama hizo zinabebwa na bajeti ya serikali kuu. Kwa hiyo bado unazilipia kama mlipa kodi, ila bili yako ya umeme haina mstari huo tena. Ni haki kuongeza kwamba soko lile la Ujerumani lilisaidia kuvikuza viwanda vya paneli hadi bei ikaanguka duniani kote. Paneli inayouzwa Kariakoo leo ina mchango wa Mjerumani wa 2004 ndani yake.

Sasa ufanye nini? Mkataba wa bei ya kila saa sikushauri. Tangu Januari 2025 kila kampuni inalazimika kuutoa kwa mwenye mita ya kisasa, na kwa mtu mwenye gari la umeme linaloweza kuchajiwa saa nane usiku ni jambo zuri. Nyinyi mzigo wenu mkubwa, kama nilivyokisia, ni maji ya kuoga, na mtoto wa shule huogeshwa jioni, saa ambazo umeme ni ghali kuliko zote. Tarehe 12 Desemba 2024, siku isiyo na upepo wala jua, bei ya jumla kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili jioni ilipanda hadi senti 93 kwa uniti, kabla ya kodi na gridi. Siku kama hizo ni chache, lakini mwenye mshahara uliopangiwa kila kitu hazihitaji hata hizo chache.

Paneli za roshani ni jambo jingine kabisa, na hapo nina moyo zaidi. Sheria inaruhusu seti yenye inveta ya hadi wati 800, unaiandikisha mwenyewe mtandaoni katika daftari la taifa liitwalo *Marktstammdatenregister*, na huna haja ya kuomba ruhusa ya kampuni ya gridi. Ruhusa ya mwenye nyumba bado unaihitaji, lakini tangu Oktoba 2024 hawezi kukataa bila sababu ya msingi. Kodi ya ongezeko la thamani juu ya seti hizo ni sifuri. Roshani ikitazama kusini bila kivuli, tegemea uniti 600 hivi kwa mwaka, ambazo mtafaidi zile tu zinazotumika jua likiwaka: friji, mashine ya kufulia mkiiwasha mchana, kompyuta. Seti ya euro mia nne au mia tano hurudisha fedha yake ndani ya miaka michache. Ikitazama kaskazini, achana nayo. Haitawasaidia kuoga, kwa kuwa wati 800 mbele ya kilowati 21 si kitu, na usiichomeke kamwe kwenye waya wa nyongeza wenye soketi nyingi.

Faida kubwa kuliko zote mbili iko kwenye mkataba wenyewe. Bei ya senti 42 inanifanya nidhani kwamba mlipohamia hamkuchagua kampuni, mkaangukia katika huduma ya msingi, *Grundversorgung*, ambayo kwa kawaida ni ghali kuliko mikataba ya kuchagua. Kama ndivyo, mnaweza kuiacha kwa taarifa ya wiki mbili tu, na umeme hautakatika hata dakika moja wakati wa kuhama. Mkipata mkataba wa senti 32, na ipo mingi ya karibu na hapo, mtaokoa kama euro 380 kwa mwaka kwa matumizi yale yale. Tazama ada ya kudumu pia, chagua bei iliyohakikishwa kwa miezi 12, usilipe mwaka mzima mbele, na usisaini chochote mlangoni kwa mtu aliyekuja na tableti akiomba kuona namba ya mita yako. Ukiwa umeshasaini, una siku 14 za kujitoa. Kuhama hakufuti deni la euro 492. Hilo linabaki kwa kampuni ya zamani.

Bafuni nako, punguzeni joto la kisanduku hadi nyuzi 38 au 40 badala ya kuweka 60 kisha kuchanganya na maji baridi, na mnunue kichwa cha bafu cha kubana maji kilichoandikwa kwamba kinafaa kwa kisanduku cha aina hiyo, kwani vingine hubana mno hadi kisanduku hakiwaki.

Kabla ya kulipa, linganisha namba ya mita na usomaji ulio kwenye bili na mita yenyewe ukutani, na uangalie kama usomaji ulikadiriwa au ulisomwa. Kisha zima fyuzi zote za nyumba yako kwa robo saa. Mita ikiendelea kutembea, kuna mtu mwingine au taa za ngazi zilizounganishwa kwako, na hapo si suala la ushauri wa maandishi tena: mwite mwenye nyumba na fundi umeme aliyesajiliwa, wala usiguse mwenyewe nyaya za ndani ya kisanduku cha fyuzi. Namba zisipolingana, peleka malalamiko kwa kampuni kwa maandishi. Wasipokujibu ndani ya wiki nne, *Schlichtungsstelle Energie* ya Berlin inasuluhisha bila kumtoza mteja. Kwa kusaidiwa ana kwa ana kuisoma bili, nenda ofisi ya *Verbraucherzentrale*, shirika la kutetea walaji, na kama mnapokea msaada wa serikali wa kodi ya nyumba au wa mtoto kwa wenye kipato kidogo, ulizeni *Stromspar-Check*, ambao huja nyumbani bure kupima vifaa vyenu.

Na kama euro 492 hazipo, usinyamaze. Kampuni haiwezi kukata umeme ghafla: lazima ikuonye wiki nne kabla, ikutaarifu tena siku nane za kazi kabla, na ikupe nafasi ya kulipa kwa awamu. Ukipokea onyo la kukatiwa, siku hiyo hiyo nenda kwa washauri wa madeni wa manispaa, hasa mkiwa na mtoto nyumbani. Lakini usisubiri hadi hapo. Omba awamu za miezi sita au kumi sasa hivi, kwa barua fupi yenye namba ya mteja, na uambatishe picha ya mita uliyoipiga leo.